Wellars Atafuta Watu Wanne wa Kulala Hemani

Kazi ya Wellars katika timu ya kuvua sambaza, vile vidagaa vya Ziwa Kivu, pale Rubona ilikuwa kukomba maji. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu ya mkaratusi, wavu huning'inizwa katikati, wanaume huimba na kupiga makasia kwa kufuata wimbo, na mmoja, ambaye haimbi wala hashiki kasia, hukaa chini kabisa na kopo la maziwa ya unga akiyarudisha ziwani maji yaliyoingia kutembea. Huyo mmoja alikuwa yeye. Alianza akiwa na miaka kumi na sita na, ukiondoa ile miaka ambayo kila mtu alikuwa amekimbilia ng'ambo ya mpaka, hakuwahi kupandishwa cheo.

Kapita wa timu, mzee Onésphore, alipenda kumtambulisha kwa wageni.

"Huyu Wellars ni mutu wa lazima," alikuwa akisema. "Mutumbwi ikiwa na tundu, tunamuhitaji. Ikiwa haina, tunatoboa moja ili asikose kazi."

Basi, mwaka 1998, wakati ambapo kwetu mtu aliyekwenda kilima cha pili aliagwa kama anayekwenda Ulaya, Padiri Siméon alipata barua kutoka parokia moja ya Uswisi. Huko milimani kulikuwa na shule ya kufundisha viongozi wa matembezi: watu wanaowapeleka watu wengine mlimani, mtoni na ziwani, wakawalaza nje, kisha wakawarudisha wakiwa wazima na wenye furaha. Shule ilikuwa na nafasi moja ya bure, miezi tisa, kwa kijana wa Rwanda. Masharti: ajue Kifaransa, apende hewa safi, awe na uzoefu. Kwamba watalii wenyewe mjini kwetu Gisenyi walikuwa wamebaki kwenye kalenda za zamani tu, hilo Waswisi hawakuliuliza, na Padiri hakuona sababu ya kuwasumbua nalo.

Kifaransa Wellars alikuwa nacho, cha miaka miwili ya sekondari. Hewa alikuwa anaivuta kila siku. Ilibaki fomu. Padiri alisoma maswali, kijana akajibu.

"Umewahi kutembea safari ndefu kwa miguu?"

"Nilitembea, Padiri. Hapa mpaka Goma, Goma mpaka kambi ya Mugunga, halafu mu pori kidogo, halafu kurudi."

Padiri akaandika: *Matembezi marefu katika nchi mbili, milimani na msituni.*

"Ukiwa na mzigo?"

"Godoro, sufuria, na mama wa mama yangu ku mugongo."

*Hubeba hadi kilo sitini.*

"Kulala hemani?"

"Miaka mbili na miezi ine."

Padiri aliinua kalamu, akaitafuta dhambi ya uongo pande zote, hakuiona, akaandika kama alivyosikia. Waswisi walijibu haraka. Walisema hawajawahi kupata mwombaji mwenye uzoefu kama huo, na wakauliza kama alikuwa na wafadhili.

Huko Uswisi mwalimu wake aliitwa Odile, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi mwenye miguu iliyokaza kama kamba ya mbuzi. Odile hakuwa mkali, ila alipenda sheria kama wengine wanavyopenda chumvi. Wiki ya kwanza aliwagawia wanafunzi vipande vya nailoni na kamba, akawapa saa moja watengeneze mahali pa kujikinga na mvua. Alipomaliza kueleza, Wellars alikuwa ameshamaliza kazi. Alikuwa ameivuta nailoni ikalia kama ngoma, amechimba mfereji kuizunguka, amechagua upande ambao harufu ya choo haifiki, na sasa alikuwa anauliza foleni ya maji ilikuwa wapi. Wenzake, vijana wa Geneva na Lyon, walimtazama kama bingwa. Yeye hakuelewa kwa nini mtu apigiwe makofi kwa jambo hilo.

Wiki ya pili makofi yaliisha. Walipelekwa kwenye bwawa la kuogelea, na Wellars akashika ukuta kwa mikono miwili.

"Umefanya kazi ziwani miaka mingapi?" Odile akauliza.

"Kama sita, Madame."

"Na hujui kuogelea?"

"Mtumbwi ndio unaoelea, Madame. Mimi nilikuwa nakaa ndani yake."

Alijifunza, kwa kumeza maji mengi kuliko aliyowahi kuyakomba. Alijifunza kamba na mafundo yake, kayak, ramani, kumfunga mtu mguu uliovunjika, na kuandika orodha ya hatari za mahali kabla ya kumpeleka mteja. Siku Odile alipowaambia waandike orodha ya hatari za nyumbani kwao, kijana wa Lyon aliandika nyuki na radi. Wellars aliandika kurasa tatu. Odile alizisoma, akavua miwani, akamwambia kwa upole kwamba hakulielewa zoezi.

Barua zake zilisomwa pwani ya Rubona kwa sauti. "Watu wa hapa," aliandika mwezi wa Januari, "wanapanda mlima tangu asubuhi mpaka juu kabisa. Wakifika hawakuti kitu. Wanakula mkate, wanashuka. Tena wanacheka." Dada mdogo wa mama yake, Donatille, muuza sambaza mwenye ulimi ambao haukuwahi kukaa likizo, alimwomba Padiri amjibu hivi: "Mutoto wangu, ukiona na we unaanza kufanya vile, kunywa dawa ya minyoo."

Alirudi Juni 1999 na viatu vizito kama matofali, kofia ngumu nyekundu, filimbi, kamba za mita mia, na hema tatu za rangi ya machungwa. Kitu kimoja hakurudi nacho: karatasi. Shule hiyo haikutoa cheti darasani. Mtihani wa mwisho kila mtu alikwenda kuufanyia kwao, na Odile mwenyewe alikuwa anakuja kuusimamia. Sheria zilikuwa nne, zimepigwa chapa: wateja wasiopungua wanne, matembezi ya siku nzima, usiku mmoja hemani, na wateja wawe wamekuja kwa raha zao, bila kulipwa hata senti. Asubuhi yake msimamizi angemuuliza kila mteja alikuja kwa nini.

Bila karatasi hiyo Wellars hakuwa na kitu. Hoteli moja ya mjini kando ya ziwa, iliyokuwa inapaka rangi kuta zake ikisubiri wageni, ilimwahidi kazi akileta cheti chenye muhuri. Na kopo lake la maziwa lilikuwa limeshapata mtu mwingine.

"Tangu ulienda," Onésphore alimwambia, "mutumbwi iliacha kuvuja. Tunafikiri ilikuwa inakulilia."

Kwa hiyo alianza kutafuta watu wanne. Alianza na ndugu zake wote wa pwani, na kwanza kabisa Donatille, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akipima sambaza kwa kikombe.

"Mama mudogo, nataka nikutembeze."

"Wapi?"

"Juu ya kilima."

"Kuko mugonjwa?"

"Hapana."

"Kuko matanga?"

"Hapana, mama mudogo. Tunafika, tunaangalia ziwa, tunarudi."

Donatille aliliangalia ziwa, lililokuwa linamlamba vidole vya miguu. "Ziwa hii?"

"Hii hii. Lakini kwa juu."

"Verediane!" Donatille alimwita jirani yake wa biashara, ambaye walikuwa wanagombana naye tangu walipokuwa wasichana na hawakuweza kukaa mbali. "Verediane, kuya uone vile Ulaya ilifanya mutoto wa dada yangu! Ilimuchukua na akili, ikamurudisha na filimbi."

Mtu pekee aliyekubali bila ubishi alikuwa Bwana Ndahiro, karani wa prefektura, ambaye Wellars alimwendea kutafuta ruhusa. Ndahiro alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, akarudi nchini mwaka 94 akakuta mihuri inamsubiri. Aligonga ruhusa mara tatu, juu, chini na katikati, kisha akaegemea kiti.

"Bon. Kule Congo nilikuwa naona bazungu banapanda volkano ya Nyiragongo na fimbo na chokoleti. Nilijisema: Ndahiro, siku moja na we utapanda kitu. Donc, uniandike wa kwanza."

Alikuwa wa kwanza. Kwa wiki tatu alibaki pia kuwa wa mwisho.

Jumamosi ya mtihani Wellars aliamka mapema, akachukua hema zake, akaenda kwenye uwanja mdogo ulio juu kidogo ya chemchemi za maji ya moto, pale ambapo watu huchemsha viazi bila kuni. Odile alikuwa anafika saa nne. Yeye alifikiri: nitazisimamisha hema kwanza, zikae vizuri, halafu nishuke pwani nikawapigie magoti watu watatu. Saa moja na nusu hema zilikuwa zimesimama, nadhifu, zimepangwa mstari mmoja, na mifereji yake.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo Odile asingeweza kumfundisha, kwa sababu Uswisi yote hakuna mtu angelijua. Kwetu hema zikisimama mstari mmoja uwanjani, maana yake ni moja tu.

Saa mbili akaja mzee mmoja, akaketi mbele ya hema ya kwanza na gunia tupu lililokunjwa. Wellars akamsalimu. Saa mbili na nusu walikuwa thelathini. Saa tatu na nusu walikuwa zaidi ya mia na ishirini, na mstari ulikuwa umepinda ukifuata njia mpaka kwenye migomba. Walikuja na mabeseni, na jerikani za mafuta zilizosuguliwa zikang'aa, na karti za mgawo za HCR, shirika la wakimbizi, za miaka ile, zilizotunzwa ndani ya Biblia bila kukunjwa hata ncha. Mtu mmoja ambaye hakuna aliyemteua alikuwa ameshika kijiti akipanga wajawazito mbele. Verediane alikuwa na watoto wanane, na yeye alizaa wawili. Donatille alikuwa wa tatu mstarini kwa jina lake. Alikuwa pia wa arobaini na moja, kwa kitenge kingine, akijiita Kampire.

"Mama mudogo, we nilikuona kule mbele!"

"Yule ni dada yangu."

"Dada yako ni mama yangu!"

"Basi nyamaza, unaharibia familia."

Wellars alikimbia huku na huku. "Hii si HCR! Jamani, si HCR! Ni hema zangu!"

"Tunajua, tunajua," mwenye kijiti akamwambia kwa huruma. "Banasemaka vile kila mara mafuta ikiwa kidogo. We andika tu, tutavumilia."

Katikati ya hayo likapanda gari jeupe la parokia. Mlango ukafunguka, akashuka mzungu, mwanamke, mwenye daftari. Mstari mzima ukapiga makofi.

Odile aliwatazama wale watu, mmoja mmoja, mpaka kwenye migomba. Mdomo wake ulifunguka. Macho yalimlowa. Aliikumbuka mitihani ya vijana wengine: yule wa Lyon alimleta mama yake, mpenzi wake na majirani wawili.

"Wellars," akasema kwa Kifaransa, polepole, "hawa wote ni wateja wako?"

Tusimhukumu Wellars kwa kupiga hesabu kwanza. Karatasi ilikuwa pale, katika mkono wa yule mwanamke, imebaki muhuri. Watu mia na ishirini wangepanda hata Karisimbi wakiambiwa mafuta yako juu. Wangelala hemani, wangelala juu ya hema. Alichohitaji ni kusema ndiyo moja, fupi, kwa Kifaransa, lugha ambayo mstari haukuielewa.

Alipanda juu ya jiwe, akavaa kofia yake nyekundu kwa tahadhari, akapiga filimbi.

"Munisikilize. Hakuna mafuta. Hakuna maharagi. Hakuna shitingi ya kuezeka. Iko kutembea tu. Tunapanda mpaka juu, tunashuka, tunalala hapa. Mutu halipwi. Huyu muzungu ni mwalimu wangu. Nikipata batu wane benye banataka wenyewe, ananipa karatasi yangu. Ni vile tu."

Ikatoka sauti moja kutoka nyuma, ya unyenyekevu: "Hata sabuni?"

"Hata sabuni."

Walimtukana vizuri, kwa lugha tatu, bila chuki, wakageuka. Mwenye kijiti alikivunja kijiti chake gotini kabla ya kuondoka, kama mkubwa anayejiuzulu. Odile, ambaye hakuelewa neno, aliwatazama wateja zaidi ya mia wakishuka kilima, akaangalia saa.

Walibaki wanne. Bwana Ndahiro, aliyekuwa amewasili wakati wa matusi, alikuwa na tai na mkoba wa ngozi. Mzee Onésphore alikuwa amekuja kuona mkombaji wake akishindwa na hakutaka kuondoka kabla mambo hayajanoga. Donatille alikuwa amepoteza nafasi mbili kwa siku moja na aliona ni haki yake kufidiwa kwa chochote. Na Verediane alibaki kwa sababu Donatille alibaki, ili kama kuna kitu kimefichwa asikipate peke yake.

Wellars aliwapa maelezo ya usalama kama alivyofundishwa. "Mukiona hatari, munapiga filimbi mara tatu, munasimama, munangoja."

"Mutoto," Onésphore akasema, "wakati ile ya hatari sisi tulikuwa tunakimbia bila filimbi, bila kungoja. Na tulifika."

Wakaanza kupanda. Kiongozi, kwa mujibu wa kitabu, hutangulia na kupima mwendo wa mteja aliye dhaifu kuliko wote. Dakika kumi baadaye mteja dhaifu kuliko wote alikuwa Odile na fimbo zake mbili, na Donatille alikuwa ameshapotea mbele kwenye kona. Mwanamke mwenye gunia la makaa kichwani na mtoto mgongoni aliwapita wote, akawasalimu, akawapa pole.

Pole hiyo ilikuwa ya kwanza. Maana kwetu watu wazima watano na mzungu, wakipanda kilima Jumamosi bila jembe wala mzigo, nyuso zimekaza, wanakwenda msibani tu.

"Nani alituacha?" watu walikuwa wanauliza kutoka mashambani.

"Hakuna," Ndahiro alijibu. "Tunatembea."

"Munatembea mupaka kwa nani?"

"Kwa hakuna mutu. Ni sport."

Wale watu walitikisa vichwa. Walielewa kwamba msiba wenyewe ulikuwa mzito. Ndahiro aliendelea kueleza kila nyumba. Verediane aliona ni kupoteza nguvu. Yeye alianza kuzipokea pole, kushukuru, na katika nyumba ya nne alipewa ndizi za njiani, ambazo hakugawa.

Juu walifika saa saba. Odile aliketi kwenye nyasi akiwa mwekundu kama kofia ya mwanafunzi wake. Ziwa lilikuwa chini yao lote, na Rubona, na bomba za kiwanda cha bia, na Goma upande ule, na volkano yenye moshi wake. Wellars alinyoosha mkono, akafungua kinywa kusema maneno ya kitabu kuhusu mandhari.

"Ile mbuzi," Donatille akasema.

"Mbuzi gani?"

"Ile nyeupe! Iko mu shamba yangu! Yesu we, iko inakula maharagi yangu! Ni ya nani ile?"

Onésphore akakaza macho. "Ya mwenye kilabu. Na angalia ku nyumba yake kuko nani ku mulango."

"Si bwana wa mwalimu?"

"Njo yeye."

"Saa hizi?"

"Na ameacha viatu inje!"

Wakakaa. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kutoka pale juu mtu anaiona Rubona yote kama kiganja: nani yuko kwa nani, nani ameanika nini, mtumbwi wa nani haukutoka, mke wa nani anarudi kutoka mpakani, pale Petite Barrière, na mzigo gani. Hata Ndahiro aliutupa mkoba akalala kifudifudi ili aone vizuri. Wakakaa saa nzima na nusu wakinong'ona, wakishikana mikono, wakipiga ukelele mdogo mara kwa mara. Odile aliandika katika daftari: *Wateja wamevutwa sana na mandhari. Sijapata kuona kundi linalotafakari kiasi hiki.*

Walishuka wakicheka. Saa kumi jioni walikuwa uwanjani tena, mbele ya hema, na Wellars alianza kuamini. Donatille akajifuta miguu, akajitwika beseni lake tupu.

"Haya. Tulitembea, tuliona. Kwa kweli tuliona. Mubaki na Mungu."

"Mama mudogo, bado kulala."

"Kulala wapi?"

Alimwonyesha. Donatille aliitazama ile hema ya rangi ya machungwa na kicheko kikapotea usoni pake. Verediane alisogea nyuma hatua moja. Hata Onésphore alipata kitu cha kuangalia kwenye kucha zake.

"Wellars," Donatille akasema, na safari hii hakupaza sauti, "mi nilitoka Mugunga ku miguu. Nilipofika ku mupaka nilisimama, niliapa mbele ya Mungu: mutu hataniona tena mu hema. Hata nikikosa nyumba, nitalala mu mugomba. We ulikuwa pale. Ulisikia."

Alikuwa pale. Alisikia. Alikuwa amembeba bibi mgongoni, na yeye mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na mbili, aliapa kitu karibu na hicho, ingawa baadaye alisafiri mpaka Uswisi kufundishwa kukivunja.

Alimgeukia Odile, akamwambia kwamba wateja wake hawatalala.

"Kwa nini? Wanaumwa?"

"Hapana, Madame. Walishalala."

Odile alimwelewa, au alielewa nusu, kwa sababu alizitazama zile hema, akalifunga daftari. Kisha akasema kwamba siku imekuwa nzuri ajabu, na kwamba bila usiku hakuna cheti, na kwamba sheria hakuiandika yeye. Alisema "pole" kwa Kiswahili. Alikuwa amejifunza neno hilo njiani, lilikuwa limesemwa mara nyingi.

Wellars akapiga magoti, akaanza kung'oa kigingi cha kwanza.

Donatille hakuondoka. Alisimama na beseni kichwani akimtazama. "Sasa karatasi?"

"Hakuna."

"Juu ya nini?"

"Juu ya usiku."

"Usiku ngapi?"

"Moja, mama mudogo."

"Moja?" Akalishusha beseni. "Moja tu? Na asubuhi?"

"Asubuhi munaenda."

"Nani anatuambia twende?"

"Hakuna mutu. Munaamuka, munaenda."

"Na kama usiku nachoka, nataka kwangu?"

"Unafungua, unaenda. Kufungua kuko kwa ndani."

Hilo hakuliamini. Aliingia hemani kwa magoti, nusu, akiacha miguu nje kama dhamana. Walisikia zipu ikifungwa, ikifunguliwa, ikifungwa, ikifunguliwa. Alitoa kichwa.

"Bila kuuliza mutu?"

"Bila."

"Bila karti?"

"Bila kitu, mama mudogo."

Donatille alimtazama yule kijana na kigingi chake mkononi, akapumua kwa hasira, kama mtu anayeongezewa bei. "Verediane, ingia. Na usinipige magoti ku mugongo." Verediane alisema hawezi kulala na mtu anayekoroma, kisha akaingia mbio asije akawekwa upande wa mlango. Ndahiro alikuwa ameshaikunja tai yake ndani ya mkoba. Onésphore alisema yeye ni mzee wa ziwa na hajawahi kuogopa nguo iliyoshonwa. Akauliza mara mbili kama na hiyo ya kwao inafunguka kwa ndani.

Usiku huo hauna la kusimulia, isipokuwa kwamba mkombaji alikaa nje kwenye moto wake mpaka kukacha, na hakuna hema iliyofunguka.

Asubuhi Odile aliketi kwenye jiwe na daftari, Wellars pembeni kutafsiri, na wateja wakaitwa mmoja mmoja. Alikuja kwa nini? Ndahiro alijibu mwenyewe, kwa Kifaransa, kwa muda mrefu, akigusia maendeleo, vijana na misitu, mpaka Odile akaacha kuandika. Onésphore akasema: "Nilikuya kuona huyu akishindwa. Hakushindwa. Nimechoka bure." Verediane akasema waandike atakachosema Donatille, waongeze kidogo.

Donatille alikuwa anafunga kitenge, jicho liko ziwani. Mitumbwi ilikuwa inarudi.

"Mwambie hivi. Nilikuya kulala mu hema usiku moja, niamuke, nitoke, niende kwangu. Mara ile ingine sikuweza. Sasa nimefanya."

Wellars alitafsiri polepole, akarudi nyuma, akatafsiri tena. Kalamu ya Odile ilikuwa imesimama juu ya kisanduku ambacho kwenye fomu kiliandikwa *kwa raha*.

"Hiyo ni raha?" akamuuliza Wellars.

"Ni hiyo, Madame. Nyingine sina."

Odile akaweka alama. Akageuza ukurasa, akatia sahihi, akapulizia muhuri hewa ya mdomo wake kama Bwana Ndahiro alivyomwonyesha, akaugonga.

Donatille alikuwa ameshafika nusu ya mteremko, beseni kichwani, akikimbilia sambaza kabla Verediane hajachagua zile kubwa. Bila kugeuka, akapaza sauti ikafika mpaka juu:

"Na we na muzungu yako, musiniite tena! Mupaka nife!"

Odile aliinua uso, akapunga mkono, akauliza yule mama amesema nini.

"Anasema asante sana," akajibu Wellars, kiongozi wa matembezi mwenye cheti.